Magamba ya Ngege Kwenye Kibao cha Nazi

Dada yangu mdogo alikuwa na miaka saba siku aliniambia mamake alikuwa ananuka.

Hakusema kwa ubaya. Tulikuwa tumekaa kwa mlango wa nyumba yetu kule Seme, ananisaidia kuchambua omena, wale dagaa wa ziwa, anatoa vijiwe anatupa, na akasema tu hivi, vile mtu anasema mvua itanyesha: "Mama alikuwa ananuka nazi. Chakula yake yote ilikuwa inanuka. Watu walikuwa wanatapika."

Nikamwuliza, "Nani amekuambia hiyo maneno?"

"Shangazi."

Niliamka nikaenda nyuma ya nyumba nikatema mate. Kuna hasira inakuja na joto, hiyo najua, nimeishi nayo tangu nizaliwe. Hii ilikuja na kichefuchefu. Mtu mzima amekaa chini na mtoto, akamfundisha kuona mamake mwenyewe ni kitu ya kutapisha, halafu akaamka akaenda kunywa chai yake. Nikawa naona hata hiyo omena siwezi kugusa.

Huyu Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Ana biashara ya samaki kule Usenge, mwanamke mkubwa, sauti kubwa, mkono mkubwa wa kuonyesha watu mahali watakaa. Na ilikuwa imeamuliwa kwamba yeye ndio atalea dada yangu. Rapar ya Mama, ile karamu ya kumkumbuka mtu mwaka moja baada ya kumzika, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumatatu yake, Shangazi anachukua mtoto anaenda na yeye Usenge, imeisha. Baba alikuwa amekubali. Baba alikuwa mtu wa kukubali. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa redio pale Kibuye, Kisumu, chumba moja mtaa wa Manyatta, na wazee waliniuliza nitalea msichana na nini, na betri? Hiyo vita nilipigana nikashindwa, na siwezi kusema walikuwa wamekosea yote.

Lakini aende Usenge na hiyo sentensi moja kwa mdomo? Hapana. Mtoto akifiwa akiwa na miaka sita, vitu anabaki nayo kwa kichwa ni vichache sana. Ukiweka uchafu hapo, hakuna kitu ingine ya kuifunika. Na Usenge nani angemrekebisha? Nikasema kabla ya Jumatatu lazima huyu mtoto aonje keki ya nazi ya mamake, hata kipande moja. Masikio yake walikuwa wamechukua. Mimi nilitaka ulimi.

Huyu Mama hakuwa aliyenizaa. Yule aliyenizaa alikufa nikiwa na miaka mitano. Baba wakati huo alikuwa anabeba mizigo pale stesheni ya reli Kisumu, na alimpata huyu wa pili hapo hapo mjini, mtaa wa Kaloleni, kwa nyumba mahali watu waliongea Kiswahili cha kuimba. Babu zake walikuja na reli kutoka pwani, wakaoana na watu wa huku bara, wakaoana tena, mpaka yeye mwenyewe alikuwa anasema ako na makabila mengi hata kila moja ikija kudai kipande chake, yeye atabaki na kucha ya mguu peke yake. Alikubali kubatizwa ili waoane kanisani. Jina likabadilishwa. Mikono haikubatizwa.

Alikuja Seme na sanduku moja ya bati na kibao cha kukunia nazi. Kwetu hakuna mtu alikuwa ameona hiyo kitu. Ni kama stuli ndogo ya kukunja, na mbele imetoka ulimi wa chuma wenye meno. Unakaa juu yake kama mtu amepanda baiskeli, unashika nusu ya nazi na mikono miwili, unazungusha kwa ile meno, na chini kwa sinia inaanguka nyeupe, nyepesi, inajaa. Watoto wa boma tulisimama kwa mlango tukimwangalia kama sinema.

Krismasi ya kwanza akapika keki. Hakuna oveni. Alichukua sufuria kubwa, akaweka mchanga chini, akaingiza sufuria ndogo ndani, akafunika na bati, juu ya bati akapanga makaa. Boma yote ilijaa harufu. Akakatia kila mtu. Shangazi hata hakuuma. Alinusa, akashika kile kipande na vidole viwili kama mtu ameshika panya na mkia, akasema kwa nguvu watu wasikie: "Kwani unatulisha mafuta ya nywele?"

Kwa sababu sisi watu wa ziwa, nazi tulikuwa tunajua kwa chupa tu. Ile mafuta wasichana wanapaka Jumapili. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akatema kwa nyasi. Mwingine akasema sasa tumbo yake itaota nywele. Wakamwita jamwa, mtu wa kuja, mbele yake, kwa nyumba yake, na keki yake ikiwa bado iko moto kwa mikono yao. Na Baba? Baba aliangalia viatu vyake.

Mimi nilikula ya kwangu, halafu nikaenda kuokota ya kwao kwa nyasi nikakula. Nilikuwa na miaka sita. Nilikula kwa hasira mpaka nikalala na tumbo inauma siku mbili. Na tangu siku hiyo, binamu yeyote akisema "mafuta ya nywele" mahali niko, tulipigana. Hapa juu ya jicho nina alama ya jiwe, ni ya hiyo kazi.

Yeye hakupigana. Rafiki ya Baba wa mabehewa ya mizigo alikuwa anamletea nazi kutoka Mombasa mara kwa mara, na zikifika tu, anakaa kwa kibao. Mimi nikilalamika ati hawa watu hawana shukrani, anasema, "Wacha wao. Ndio inabaki kubwa kwetu."

Alikufa mwaka ule magugu yalifunga ziwa mpaka maboti zikashindwa kutoka na ufuo wote ukanuka kama maji ya maua ya kaburi. Malaria ilipanda kichwani. Siku nne. Nilimpeleka hospitali ya Kombewa mimi mwenyewe, na nikamrudisha mimi mwenyewe. Kwa mazishi Shangazi alilia kuliko watu wote. Alijitupa kwa jeneza, wanaume watatu wakamshika. Na siku ya nne baada ya hapo alikuwa amefunga vitu za marehemu kwa leso ya marehemu: sufuria zake, sinia, na kile kibao. Nikauliza kibao ya nini na hawezi hata kunusa nazi. Akaniambia ni ukumbusho.

Basi wiki ya rapar nikaenda kutafuta nazi Kisumu. Karibu na msikiti kulikuwa na mama mmoja mzee, anauza tambuu na ubani na nazi kidogo, zile zimefika na basi. Nikamsalimia, nikasema nataka tatu.

Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Kijana wa ziwani anataka nazi. Umeoa kwetu au umerogwa?"

"Nataka kupika keki, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

Akageuza shingo. "Njooni muone! Huyu hapa anapika keki!" Wasichana wawili wakatoa vichwa kwa pazia, wakacheka, wakarudi ndani. "Haya, mwanangu, ngoja nikuchagulie."

"Najua kuchagua."

"Wajua?"

"Najua."

"Haya, mjuaji. Chagua."

Redio nilijifundisha mwenyewe, hakuna mtu alinishika mkono. Kusoma vizuri pia nilijifundisha, shule niliacha darasa la sita, nikasoma magazeti ya kufungia nyama mpaka maneno yakakubali. Kwa hivyo nina hii ugonjwa, siwezi kuambiwa kitu. Nikatingisha nazi kwa sikio vile nilikuwa naona Mama anatingisha, nikasikia maji, nikachukua tatu. Yule mzee alikuwa anaangalia mikono yangu na anang'ata mdomo asicheke.

Ya kwanza nilipasua Alhamisi, nyuma ya jikoni ya Seme. Maji yake ilitoka ya kijivu na povu, ikaruka kwa shati yangu. Ndani ilikuwa manjano, inateleza, na harufu yake siwezi kusema ni ya nini, labda miguu ya mtu aliyevaa gamubuti wiki mbili, na ndani ya hiyo gamubuti kuna siagi. Dada yangu alikuwa amesimama karibu. Akaziba pua na mikono miwili.

"Si nilikuambia," akasema. "Inanuka."

"Hii imeoza! Ya mamako haikuwa hivi!"

"Shangazi alisema..."

"Shangazi, Shangazi! Shangazi alipika wapi keki?"

Akarudi nyuma hatua moja. Nikaona nimeshaanza kuharibu. Mbili zilizobaki, namshukuru Mungu, zilikuwa nzuri, nyeupe, maji tamu. Nikamwambia aonje maji. Akatingisha kichwa, midomo imefungwa.

Sasa nikahitaji kibao. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Usenge na watu wake na vyombo vyake, anaongoza kila kitu, ng'ombe ichinjwe wapi, wakwe wakae wapi, mchele ya nani ni ya kupika kwanza. Jikoni yake ilikuwa chini ya bati upande ule wa boma. Nikaenda, nikamkuta amekaa juu ya kibao ya Mama. Amekipanda vile inatakiwa, magoti mbali mbali, na kwa mikono ameshika samaki, ngege mkubwa, anamsugua kwa ile meno. Magamba yanaruka. Mengine yalikuwa yameshika kwa mikono yake mpaka kiwiko, yanang'aa.

"Shangazi. Ni nini hiyo unafanya?"

"Si unaona? Natoa magamba."

"Hiyo kibao ni ya Mama."

"Mamako amekufa, kibao haikufa." Hakuinua hata kichwa. "Hii chuma ni nzuri kuliko kisu, mimi nakuambia. Miaka yote ilikuwa inakuna upuzi. Sasa imepata kazi."

Wanawake waliokuwa wanachagua mchele wakacheka. Mmoja akasema, "Wee, wacha kijana, ako na uchungu." Mwingine akasema, "Uchungu ya stuli?"

"Toka juu yake."

"Ati?"

"Nimesema toka juu ya kitu ya mamangu, ama nitakutoa nikiwa nimekushika na hiyo samaki yako."

Hiyo haikuwa maneno ya kuambia shangazi yako, najua. Kwetu dada ya baba yako ni kama baba yako amevaa nguo ya mwanamke. Wanawake wakaacha kucheka. Shangazi akaamka polepole, akanipa kibao na mguu, alikisukuma tu kwa vumbi mpaka kwangu, akasema, "Chukua. Na Jumatatu nikichukua mtoto, nitamfundisha heshima ile wewe ulikosa. Mwanamke ambaye si wa kwetu angekufundisha heshima ya wapi?"

Nilikaa na kile kibao nyuma ya nyumba nikakiangalia. Kati ya kila jino kulikuwa na magamba yamekauka juu ya magamba mengine, ya wiki, ya miezi. Ute mweusi. Damu imekuwa kama rangi ya viatu. Kwa mbao mahali Mama alikuwa anakaa, mahali palikuwa laini kwa sababu yake, palikuwa pamelowa mafuta ya samaki mpaka inanata. Niliona jicho. Jicho moja ya samaki, imekauka, imeshikwa kwa pembe ya chuma. Mimi ni mtu wa ziwa, samaki nimekula tangu sina meno, sijawahi kuona uchafu kwa samaki. Siku hiyo niliona.

Nikakisugua na mchanga. Nikakisugua na majivu. Nikachemsha maji nikamwaga, nikakata ndimu nne, nikachukua mswaki wangu mwenyewe nikaingia jino kwa jino. Nikanusa, ikanuka samaki. Nikaanza tena. Mara tatu. Dada yangu alikuja akachuchumaa mbali kidogo.

"Bado inanuka," akasema.

"Hiyo ni nini inanuka? Sema."

"Samaki."

"Nani aliweka samaki? Mama?"

Akachora vumbi na kidole.

"Sema! Ni Mama aliweka?"

Akaanza kulia. Bila sauti, machozi tu na kamasi. Mimi nimeshika mswaki, nimemsimamia mtoto wa miaka saba, nampigia kelele juu ya mamake aliyekufa. Nilijichukia hapo, lakini sikujua kusema pole, nikarudi kusugua.

Jumamosi asubuhi nikakuna zile nazi mbili. Vijana walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo za turubai, wakaniona nimepanda kibao.

"Omera, ndugu! Ni rapar ama ni harusi?"

"Unapika keki? Bibi arusi ni nani?"

"Bwana Keki, mimi nataka ile ya maua juu!"

Nikawatupia kifuu cha nazi, kikampata mmoja kwa mgongo, wakacheka zaidi. Hao sikuwakasirikia. Nikakamua tui kidogo, chicha nikaweka kando ya kuchanganya na unga. Mayai sita, sukari, siagi ya mkebe, unga. Nilikuwa nimemwona akifanya hivi maisha yangu yote. Nilikuwa na uhakika vile mtu ana uhakika wa njia ya kwao. Makaa ikashika, mchanga ikapata moto kwa sufuria kubwa. Sufuria ndogo nilikuwa nimeosha, nikaifunika juu ya jiwe ikauke.

Hapo Baba akaniita. Spika ya rapar ilikuwa inalia kama paka na betri ya gari ilikuwa imeunganishwa kichwa kwa mguu, na fundi ni mimi. Nilichukua kama nusu saa. Nikarudi, nikakuta sufuria ndogo imegeuzwa, na ndani imepakwa mafuta, vizuri, mpaka kwa pembe, inang'aa. Nikaangalia, dada yangu alikuwa kwa mlango. Nikasema kumbe amesaidia. Moyo wangu ulilainika, nisidanganye. Nikamwaga ule mchanganyiko, nikaingiza ndani, nikafunika, nikapanga makaa juu.

Dakika kumi. Harufu ikaanza kutoka, na haikuwa harufu ya keki. Ilikuwa harufu ya saluni Jumamosi. Ilikuwa wasichana kumi wamekaa kwa benchi moja wanasukwa. Manukato, tamu, nzito, inashika kwa koo, na chini yake nazi ya kweli inajaribu kupumua. Nikafikiri labda kuna mwanamke amepita. Nikainua bati. Ikanipiga kwa uso.

"Nani amepaka hii sufuria?"

"Mimi," Shangazi akasema kutoka upande ule. Alikuja hata akitabasamu, anapangusa mikono kwa leso ya Mama. "Umenitukana juzi lakini mimi si mtu wa kuweka vitu kwa roho. Nikasema wacha nimsaidie. Si ni keki ya nazi? Nikaona ile mafuta ya nazi kwa dirisha yako, nikapaka."

"Hiyo ni ya nywele yangu!"

"Kwani nazi ziko ngapi?"

Miaka kumi na tano walimtukana yule mwanamke ati anawalisha mafuta ya nywele. Kumi na tano. Hakuwahi kuweka hata tone. Na leo, kwa rapar yake, mtu wa kwanza kuweka mafuta ya nywele kwa keki ya nazi ni huyu huyu, na amesimama hapo anangoja ero kamano, asante. Kitu ilinichukiza zaidi ni kwamba hakufanya kwa ubaya. Ningepata ubaya ningejua mahali pa kupiga. Alikuwa anaamini kweli, tangu ile Krismasi mpaka leo, kwamba hiyo ndio Mama alikuwa anaweka. Hakuwahi kuuliza. Hakuwahi kuingia hiyo jikoni hata siku moja.

Nilipiga kelele wakwe wakageuka chini ya turubai. Sitaandika kitu nilisema. Baba akaja mbio, viatu vya kanisa kwa vumbi, akanishika mkono. "Nyamaza. Watu wako hapa."

"Watu wako hapa siku zote, Baba! Wewe ulikuwa wapi?"

Akaachilia mkono wangu. Akaangalia chini. Nikajua anaangalia nini.

Keki ikaiva, kwa sababu moto haiulizi. Nikaitoa, nikangoja ipoe, nikachukua kisu. Nikakata chini yote. Nikakata pembeni yote, kila mahali iligusa sufuria. Nikanusa, nikakata tena. Ilibaki moyo tu, kitu kama ngumi mbili. Nikavunja kidogo nikaonja. Nazi ilikuwepo. Manukato ilikuwa mbali sana, kama mtu amesimama nyumba ya tatu. Nikasema itatosha. Yale makombo nilimtupia mbwa, akanusa akaenda kulala mahali pengine.

Wakati huo hotuba zilikuwa zimeanza. Shangazi alikuwa na maikrofoni, ile nilitengeneza na mikono yangu. Sauti yake ilikuwa inaenda mpaka barabarani. Dada yangu alikuwa amesimamishwa kando yake, gauni jeupe, kama kitu ya kuonyesha.

"Huyu mke wa ndugu yangu," alikuwa anasema, "alikuwa mpishi! Nani hapa hakula keki yake? Mimi mwenyewe nilikuwa nakula mpaka naramba vidole. Tulimpenda kama mtoto wetu wa kuzaa!"

Watu wakasema ameni. Wale wale. Naona mdomo mmoja mmoja, naona yule aliyetema kwa nyasi, sasa ana mvi, anatingisha kichwa kwa huzuni. Nilitaka kuchomoa betri. Mkono ulifika mpaka hapo. Halafu nikaona uso wa dada yangu, anamwangalia Shangazi juu, amekunja macho, mtoto ambaye ameambiwa vitu viwili na mtu mmoja.

Nikapita katikati ya viti na sahani. Nikachuchumaa mbele yake, mbele ya watu wote. "Hii ni ile ya Mama," nikamwambia. "Kula kidogo tu."

Watu wakageuza shingo. Shangazi hakuondoa maikrofoni. Mtoto akaangalia sahani, akaziba pua, akaachilia pua. Akachukua kipande. Akaweka kwa mdomo. Akatafuna mara moja, mara mbili. Akaacha kutafuna.

Halafu akatema. Kwa mkono yake, halafu kwa nyasi.

Watu walicheka, kile kicheko cha harusi na matanga, na Shangazi akacheka kwa spika mpaka ikapiga filimbi. "Mnaona? Hata mtoto!"

"Sio hii," dada yangu akasema.

Alisema polepole lakini alikuwa karibu na maikrofoni, na ilienda mpaka barabarani.

"Sio hii ya Mama. Ya Mama ilikuwa na iliki." Akapangusa mdomo na gauni. "Alikuwa ananipatia mimi nitoe maganda, halafu anaponda na chupa. Na nazi alikuwa anakaanga kwanza bila mafuta mpaka inakuwa rangi ya chai. Hii haijakaangwa." Akageuka kwangu, na amekasirika, amekasirika kabisa, uso wote umekunjwa. "Wewe hujui kupika! Hii inanuka. Ya Mama haikuwa inanuka."

Shangazi akainama, akamwuliza kwa sauti ya chini, na maikrofoni ikachukua hiyo pia: "Iliki ni nini?"

Mtoto alikuwa bado ananiangalia mimi.

Sikumsamehe Shangazi siku hiyo, na sasa ninavyoandika bado sijamsamehe. Nikienda Usenge nasalimia na mkono moja, nakula kitu kidogo nionekane nimekula. Mtoto alienda na yeye Jumatatu vile ilikuwa imeamuliwa. Lakini nikihesabu watu wa kunichukiza kwa hiyo hadithi, sijiachi nje. Miaka kumi na tano nilisimama kwa mlango wa ile jikoni nikiangalia nje, ngumi tayari, nani atasema nini. Nilipigania hiyo keki mpaka nikapasuliwa uso, na sikuwahi kugeuka kuona inawekwa nini. Dada yangu alikuwa ndani, mtoto wa miaka minne, mitano, anatoa maganda.

Jumapili baada ya kanisa, kabla aende, nilimtafuta. Nilikuwa na kartoni ya redio, nikaipasua, upande wa ndani ni safi. Nikachukua kalamu, nikamwambia aniambie kutoka mwanzo. Akakaa juu ya kibao, magoti mbali mbali, akaniambia. Mayai ngapi. Iliki ngapi, alionyesha kwa kiganja, nikamwambia kiganja yako ama ya Mama, akafikiri, akasema ya Mama, akashika kiganja changu akapima kwa hapo, mpaka kwa huu mstari. Nazi inakaangwa mpaka mtu akiwa kwa barabara asikie harufu. Mara moja niliandika haraka akasimamisha mkono wangu.

"Umeandika hiyo ya kukaanga?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikasoma.